Mikono Inayonyosha Viungo

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za maumivu ya maungo na kukakamaa kwa viungo, na jinsi mikono ya tabibu aliyefundishwa iwezavyo kuyapunguza mambo hayo mawili. Habari hizi zawafaa watu wote, lakini zaidi zawahusu wale wanaoishi kwa nguvu za mikono na migongo yao. Kwa hiyo mifano yangu nimeichagua katika nchi ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Maana huko milima ni mikali, ziwa ni pana, na kazi ya kila siku haimpi mtu nafasi ya kuusahau mgongo wake.

Mgeni afikaye Litembo au Maguu kwa mara ya kwanza huona miteremko imejaa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro ya Wamatengo. Nyasi hufyekwa, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana hata ikafanya vyumba vya mraba. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kutupwa juu ya nyasi zile. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka pamoja na udongo, na nyasi zilizofunikwa huoza zikawa mbolea. Ni akili kubwa, nayo imeilinda ardhi ile kwa vizazi vingi. Lakini kila shimo limechimbwa kwa jembe la mkono, na mara nyingi mchimbaji ni mwanamke aliyeinama mtelemkoni, mguu mmoja juu na mwingine chini.

Ukishuka pwani, toka Lituhi kupita Liuli hata Mbamba Bay, kazi ni nyingine lakini uchovu ni ule ule. Wavuvi hupiga kafi usiku, huvuta nyavu zilizolowa maji, na kuburura mitumbwi mchangani. Wanawake huinama kuanika dagaa, hulima mihogo, na kupandisha ndoo za maji kutoka ziwani. Pwani hiyo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012, ilipofanywa kuwa wilaya ya Nyasa. Lakini maumivu ya kiuno hayajui mpaka wa wilaya.

Wala hayajui mpaka wa nchi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani kama mtu 1 katika kila watu 13. Basi mtu mwenye kuumwa kiuno asidhani kuwa amerogwa, wala asione haya; yumo katika jamaa kubwa sana.

Kiungo kilivyoumbwa

Kwanza na tutazame jinsi kiungo kilivyoumbwa. Mahali mifupa miwili ikutanapo, kama gotini au begani, ncha za mifupa hiyo zimefunikwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi kama kile mkionacho mwishoni mwa mfupa wa mbuzi. Kiungo kizima kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko huo mna ute unaolainisha, kama mafuta yalainishavyo mnyororo wa baiskeli. Nje ya mfuko zipo kano zinazofunga mfupa na mfupa mwenzake, na misuli inayovuta mifupa ili tuweze kwenda, kuinama na kushika jembe.

Lakini kiungo si kama baiskeli kwa kila jambo. Baiskeli ikitumiwa huchakaa, na ikiwekwa hubaki kama ilivyo. Mwili wa mtu ni kinyume. Kiungo kitumiwacho kwa kiasi huzidi kuwa na nguvu, na kiungo kilazwacho hudhoofika. Gegedu haina damu yake yenyewe. Hupata chakula chake katika ule ute, nao ute hupenyezwa vizuri kiungo kinapokwenda na kurudi. Mfuko wa kiungo usiponyoshwa husinyaa. Msuli usiotumika hupungua unene katika majuma machache tu. Mtu yeyote aliyepata kuvunjika mkono na kufungwa plasta amejionea mwenyewe: siku plasta inapokatwa, mkono hutoka mwembamba, na kiwiko hakikubali kukunja wala kunyoka. Mfupa umepona, lakini mkono bado.

Kuna njia nyingine ya kukakamaa, nayo yaanza kwa maumivu. Mtu akiumia kiuno, misuli iliyo kando ya uti wa mgongo hujikaza yenyewe ili kumkinga. Hilo ni jambo jema kwa siku moja mbili. Lakini mtu akiogopa, akalala majuma mawili, misuli huendelea kujikaza, viungo vya mgongo huwa vigumu, na siku ainukapo huumwa zaidi kuliko mwanzo. Kwa kuwa anaumwa hulala tena. Na kwa kuwa amelala huumwa tena. Hivyo mtu huzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kambani, akizidi kuifupisha kamba yake kila azungukapo. Kazi ya tabibu wa viungo ni kuifungua kamba hiyo.

Kazi hii ilivyoanza

Kukanda na kuchua maungo si jambo la kigeni. Tangu zamani, katika kila kabila, wapo wazee na mabibi wajuao kupaka mafuta na kuchua mgongo wa mwenye uchovu. Jambo jipya ni kuifanya kazi hiyo kuwa elimu inayopimwa na kufundishwa shuleni. Mwaka 1813 mtu mmoja wa Uswidi, jina lake Per Henrik Ling, alifungua chuo katika mji wa Stockholm, akafundisha mazoezi ya viungo pamoja na kukanda. Mwaka 1894, huko Uingereza, wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha kuilinda kazi ya ukandaji, ili wenye ujuzi watambulikane na wadanganyifu wakataliwe. Baada ya Vita Kuu ya kwanza askari majeruhi walikuwa wengi mno, na mataifa yakaona kwamba haitoshi daktari kuuponya mfupa. Lazima awepo mtu wa kumrudisha mgonjwa kazini. Mwaka 1951 vyama vya mataifa mbalimbali viliungana katika mji wa Copenhagen kufanya chama cha dunia. Kazi yenyewe huitwa fiziotherapia, na mwenye kuifanya sisi tutamwita tabibu wa viungo.

Katika nchi yetu, hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 ina chuo kinachofundisha kazi hii. Wanafunzi hujifunza kwanza umbo la mwili, mfupa kwa mfupa na msuli kwa msuli, kabla ya kuruhusiwa kumtibu mgonjwa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya tabibu wa viungo na mkandaji wa kawaida: siyo nguvu ya mikono yake, bali kujua ni nini kilicho chini ya mikono hiyo.

Tabibu afanyavyo

Mgonjwa akifika kwa tabibu wa viungo, hataguswa mara moja. Kwanza ataulizwa maswali. Maumivu yalianza lini? Yalianza kwa kuanguka, au yalikuja polepole? Yazidi wakati gani, asubuhi au usiku? Kazi yako ni nini? Je, miguu ina ganzi? Kisha atatazamwa anavyosimama, anavyokwenda na anavyoinama. Ndipo tabibu atakapoweka mikono yake, akipapasa mahali penye joto, penye uvimbe, au palipokaza. Maswali haya si ya kupoteza wakati. Kwayo tabibu huyatenga maumivu yanayofaa kutibiwa kwa mikono na yale ambayo kuyakanda ni hatari, kama nitakavyoeleza mbele.

Akisha kupambanua, hutumia mikono kwa njia nyingi, nami nitazitaja tatu. Ya kwanza ni kuchua misuli: kuibonyeza, kuisugua na kuikamua polepole mpaka ilegee. Ya pili ni kukitelezesha kiungo. Hapa tabibu hushika mfupa mmoja usisogee, akausukuma mwingine taratibu, mbele na nyuma, kwa mwendo mdogo ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuufanya kwa misuli yake. Ya tatu ni kunyosha: kukipeleka kiungo mpaka mwisho wa mwendo wake, kukishikilia hapo kwa kitambo, kisha kukirudisha. Tabibu mzuri hashindani na mgonjwa. Huutazama uso wake wakati wote, naye huambiwa aseme mara maumivu yazidipo.

Mwanafunzi ataniuliza, "Je, kwa nini kusugua kunapunguza maumivu?" Swali ni zuri. Mtoto akijigonga goti, jambo la kwanza afanyalo ni kulisugua, wala hakufundishwa na mtu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa maelezo ambayo, ingawa yamerekebishwa tangu hapo, yanatusaidia kuelewa. Walisema kwamba katika uti wa mgongo mna kama mlango ambao habari za maumivu hupita zikielekea kwenye ubongo. Habari za kuguswa na kusuguliwa nazo hufika mlangoni hapo. Zikiwa nyingi, mlango husongwa, na habari za maumivu hupita kwa uchache. Tena mgonjwa anapoguswa na mtu anayemwamini, hofu hupungua; na hofu ikipungua, ubongo nao huilegeza misuli.

Hapa yanipasa kusema kweli, kwa sababu katika jambo hili watu wengi hudanganywa. Mkandaji akikuambia kwamba mfupa wa mgongo umehama na yeye ameurudisha mahali pake, usisadiki. Pingili za uti wa mgongo zimefungwa kwa kano zenye nguvu sana, hazihami kwa kuinama shambani wala hazirudi kwa kubonyezwa. Ule mlio wa "ko!" usikiwao mgongo ukigeuzwa si mlio wa mfupa uliorudi, ni hewa iliyomo katika ute wa kiungo, kama ule wa vidole vikivutwa. Mafuta nayo, yawe ya nazi au ya karanga, hayapenyi mpaka kwenye kiungo. Kazi yake ni kuuwezesha mkono kuteleza bila kuchubua ngozi. Kwa hiyo asitokee mtu kuwauzia chupa ndogo ya mafuta kwa bei ya mbuzi.

Kweli ya pili ni hii: nafuu iletwayo na mikono peke yake haidumu. Yaweza kuwa ya saa chache, au siku chache. Faida yake kubwa ni kumfungulia mgonjwa nafasi ya kujitembeza mwenyewe. Mikono ya tabibu hufungua mlango, lakini mgonjwa ndiye apitaye. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu muda mrefu. Miongoni mwa tiba lilizokubali ni kumfundisha mgonjwa, mazoezi ya mwili, na tiba za mikono, pamoja na kuchua. Miongoni mwa mambo lisiyoyashauri kwa kawaida ni mikanda ya kufunga kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mizani, na vidonge vikali vya jamii ya afyuni. Basi mjue ya kuwa kitu cha bei ndogo, yaani mafundisho na mazoezi, ndicho kilichotajwa kwa sifa.

Mfano wa mama mkulima

Na tutoe mfano. Tuseme yupo mama mmoja mkulima, mwenye miaka 45, ambaye kiuno kimemkaza baada ya kuchimba ngoro siku nyingi mfululizo. Hana homa, hakuanguka, miguu yake haina ganzi, na haja zote anapata kama kawaida. Jirani amemshauri alale mpaka apone. Lakini msimu haungoji. Maharage yasipopandwa kwa wakati wake, watoto watakosa mboga, na ada ya shule itatoka wapi?

Tabibu wa viungo hatamwambia alale. Atamchua misuli ya kiuno na matako kwa dakika chache, atazitelezesha pingili za chini za mgongo kwa viganja vyake, kisha atamfanyisha mazoezi mbele yake mpaka ayajue. Atamwambia arudi shambani, lakini kwa kiasi: achimbe mashimo machache, apumzike, ajinyoshe, ndipo aendelee. Kesho aongeze kidogo. Maumivu madogo wakati wa kazi yasimwogopeshe, maadamu yanapungua baada ya kupumzika. Wagonjwa wengi wa namna hii huona nafuu kubwa katika majuma machache. Haba na haba hujaza kibaba. Na hivyo hivyo mgongo hurudishiwa nguvu zake.

Mazoezi ya nyumbani

Yafuatayo ni mazoezi ambayo mtu asiye na dalili za hatari aweza kuyafanya juu ya mkeka nyumbani kwake, asubuhi na jioni. Kila zoezi lifanywe mara 10, polepole, bila kushtua mwili.

1. Kwa kiuno. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga mkeka. Shika goti moja kwa mikono miwili ulivute kuelekea kifuani, hesabu mpaka 10, uliachilie, kisha lingine. Halafu ulaze magoti yote pamoja upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Mwisho, inua kiuno toka mkekani, kaza matako, hesabu mpaka 5, ushushe.

2. Kwa bega lililokakamaa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa miaka 40 hata 60, na wenye kisukari huzidi kupatwa nao. Inama kidogo ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache mkono mgonjwa uning'inie, uuzungushe kama timazi ya fundi ukuta. Kisha simama mbele ya ukuta, upandishe vidole juu yake kama buibui atambaavyo, ufike uwezapo, utie alama ya makaa. Kila juma tazama alama imepanda kiasi gani. Usikate tamaa upesi, maana bega la namna hii huchukua miezi mingi, pengine hata mwaka na zaidi.

3. Kwa goti la mzee. Kaa mguu umenyoka, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, ukibonyeze kwa kukaza paja, hesabu mpaka 5, ulegeze. Kisha kaa juu ya kigoda kisicho kifupi mno, usimame bila kujishika, ukae tena. Msuli wa paja ukiwa na nguvu, goti hupunguziwa mzigo.

4. Kwa mkono uliotoka katika plasta. Utie katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, kisha kunja na kukunjua vidole, zungusha kiganja, na kufinya mpira wa matambara. Usining'inize ndoo ya maji ili kukinyosha kiwiko kwa nguvu.

Juu ya maji ya moto, yafaa kutahadhari. Mwenye kisukari au mwenye ukoma aweza kuwa na ngozi isiyosikia joto. Asiyapime kwa mguu wake mgonjwa, bali mtu mwingine ampimie kwa kiwiko, asije akaungua bila kujua.

Mahali pasipofaa kukandwa

Sasa nafika kwenye sehemu iliyo kubwa kuliko zote, na ninawaomba wanafunzi waisome kwa sauti nyumbani, mbele ya wazazi wao. Kuna maumivu ambayo kuyakanda ni kuyaongeza, na pengine ni kumpoteza mtu kiungo, au hata maisha yake.

La kwanza ni mfupa uliovunjika. Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe, mkono ukavimba na kupinda, msiuchue wala msiuvute. Ufungeni na kijiti kilichonyoka, bila kukaza, mkampeleke hospitali. Bendeji ikikazwa mno hukata damu. Vidole vikiwa vya baridi, vyenye ganzi, au vyenye maumivu makali yasiyokoma, ifungueni mara moja, maana misuli huanza kufa baada ya saa chache. Kuna watoto waliokwenda kwa mfupa uliovunjika tu, ambao daktari angeuponya, wakarudi na mkono uliokauka kwa sababu ya kukazwa vijiti.

La pili ni kiwiko kilichoumia. Kiwiko kikichuliwa na kunyoshwa kwa nguvu kingali kibichi, mwili huweza kujenga mfupa mpya ndani ya msuli, mahali pasipo pake, na kiwiko kikafungika kabisa. Kwa hiyo kiwiko cha mtoto baada ya ajali hakichuliwi. Huachwa mtoto mwenyewe akitumie polepole, kwa maelekezo ya tabibu.

La tatu ni kiungo chenye joto, chekundu, kilichovimba, pamoja na homa. Mtoto mwenye homa ambaye ghafula amekataa kukanyaga aweza kuwa na usaha katika mfupa au katika kiungo. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Kesho huenda kiungo kimekwisha haribika.

La nne ni mgongo wenye kifua kikuu. Watu wengi hudhani ugonjwa huo ni wa mapafu tu. Sivyo, huweza kuila mifupa ya mgongo, kama alivyoeleza daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Mgonjwa huumwa mgongo kwa majuma mengi, hukonda, hutoka jasho usiku, na mara nyingine kibiongo huanza kutokea. Ukiuchua au kuugeuza mgongo huo, waweza kumpooza miguu. Lakini akipimwa mapema na kumeza dawa zake mpaka mwisho, aweza kupona. Na dawa za kifua kikuu katika Tanzania hutolewa bure.

La tano ni dalili za kubanwa kwa mishipa ya fahamu. Mwenye kuumwa kiuno akipata ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikizidi kulegea, asikae nyumbani hata usiku mmoja. Vivyo hivyo mtu aliyeanguka kutoka juu, mtu aliyepata kuugua saratani, na mtu ambaye maumivu yake humwamsha usiku na hayapungui kwa kulala namna yoyote, hao waonwe na daktari kwanza.

La sita ni shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma, hasa kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi au mama aliyejifungua karibuni. Pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Likichuliwa, kipande cha damu hiyo chaweza kukatika kikaenda mapafuni, na mtu akafa ghafula.

Mgonjwa wa kiharusi

Kuna mgonjwa mwingine anayehitaji mikono kila siku, naye ni yule aliyepatwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza. Wengi humlaza pembeni wakingoja nguvu zirudi zenyewe. Zikirudi, hukuta vidole vimejikunja na bega limekakamaa. Kwa hiyo, tangu siku za mwanzo, daktari akisha ruhusu, watu wa nyumbani wamkunjue vidole, wamkunje na kumnyoshe kiwiko, wamgeuze ubavu kila saa mbili, na kumketisha. Lakini wasimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea, na kiungo huteguka kwa wepesi. Wamshike kiunoni na mgongoni. Naye ahimizwe kujaribu mwenyewe, hata kama ni kidole kimoja, kwa maana ubongo hujifunza upya kwa kurudia rudia.

Kuukinga mwili kazini

Kinga ni bora kuliko tiba. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Afadhali kwenda mara mbili na ndoo ya lita 10. Uinuapo mzigo, ukaribie, ukunje magoti, uushike karibu na kifua. Jembe lenye mpini mrefu kidogo hupunguza kuinama. Mpiga kafi abadili upande mara kwa mara, na wavutaji wa nyavu wapokezane. Mama anayeanika dagaa, kila baada ya muda, asimame, aweke mikono kiunoni, ajinyoshe kwa nyuma mara tano. Hakuna namna moja ya kukaa au kusimama iliyo takatifu. Kilicho kibaya ni kukaa namna ile ile kwa muda mrefu, na kuongeza mzigo ghafula kuliko mwili ulivyozoea.

Na hao wakandaji wa vijijini je, tuwafukuze? La. Bibi mwenye mikono myepesi anayemchua mkulima aliyechoka hufanya jambo jema, nasi tumheshimu. Tunalomwomba ni kwamba azijue zile dalili sita, na akiziona aseme, "Huyu si wangu, mpelekeni hospitali." Kusema hivyo hakumwondolei heshima, bali humwongezea.

Mwenye shida na aanzie zahanati ya kijiji chake au kituo cha afya, aombe barua ya kumwona tabibu wa viungo. Mara nyingi huyo hupatikana katika hospitali kubwa, kama ya rufaa ya mkoa pale Songea. Barabara ya lami sasa yatoka Songea, yapita mjini Mbinga, na kushuka hata Mbamba Bay. Safari ambayo zamani ilikuwa ya mateso wakati wa mvua, siku hizi yawezekana. Hata hivyo si lazima kusafiri kila juma. Mwambie tabibu, "Natoka mbali, nifundishe nitakayoyafanya nyumbani." Tabibu mwema hufurahi kusikia hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake hasa: kumfanya mgonjwa asimhitaji tena.

Basi ndugu zangu, yashikeni mambo matatu. Kiungo kisicho na dalili ya hatari na kitembezwe, kisilazwe. Kiungo chenye dalili ya hatari kisichuliwe, kipelekwe. Na mikono ya tabibu ikisha kukupa nafuu, usikae kuingoja tena. Tandika mkeka wako, uyafanye mazoezi yako kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwili wa mtu, ukisha kuanguka, ni mgumu kuujenga upya.